UZI: Mradi mkubwa wa nyumba ukiingia kijijini, tukague nini kabla mkutano mkuu haujapitisha?

Bikoni ya Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili ya wenyeviti, watendaji, wajumbe wa halmashauri za vijiji na wananchi wa Mkuranga, Kisarawe, Kibaha, Bagamoyo na kokote ambako jiji linasogea. Tuongee kwa hesabu na vifungu. Mabishano ya "maendeleo au hasara" yamejaa kila mahali na hayamsaidii mtu aliyeitwa mkutanoni Jumamosi ijayo.

Hoja yangu ni moja. Kijiji kikikaa na mwekezaji hujadili bei ya eka, wakati bei ya eka ndiyo kitu kidogo kuliko vyote vinavyoondoka. Vinavyoondoka ni maji, njia, malisho, na mwishowe kijiji chenyewe kama chombo chenye sauti juu ya ardhi.

Tuanze na sauti hiyo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla (iliyo mikononi mwa serikali, si ya kijiji) ili apewe mwekezaji, mstari wa kukumbuka ni hekta 250. Chini ya hapo mkutano mkuu una uwezo wa kukubali au kukataa. Juu ya hapo mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Kwa hiyo mtu akija na ombi la hekta 260, jueni kwamba hizo kumi za juu zinawanyang'anya kura. Ulizeni kwa nini si 240.

Jambo la pili wengi hawaambiwi: ardhi ikishahamishwa, hairudi. Mradi ukifa au hati ikifutwa, ardhi inabaki kuwa ardhi ya jumla mikononi mwa serikali. Kijiji kinaanza kuomba upya kama mwombaji mwingine yeyote.

La tatu ni hadhi. Nyumba zikijaa, eneo hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali kuwa eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na kijiji hugeuka mtaa. Mtaa una mwenyekiti na mtendaji, lakini hauna udhamini wa ardhi. Mkutano wa mtaa hauwezi kuzuia wala kupitisha kiwanja. Ndiyo maana kila mnachokitaka kiandikwe leo, wakati bado mna kitu mkononi.

Sasa hesabu ya eka. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Toa asilimia 35 ya barabara na maeneo ya wazi, inabaki kama 2,630. Ukigawa kwa viwanja vya mita za mraba 400 unapata viwanja sita na kipande. Anayetaka kuuza eka aulize bei ya kiwanja kimoja kilichopimwa katika eneo la jirani, azidishe kwa sita, atoe gharama za mipango, upimaji, hati na kuchonga barabara. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanzie.

Karibuni wenye ujuzi wa uthamini, maji na barabara.

---

Mthamini wa Pwani

Mkuu umeanza vizuri. Niongezee kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku.

Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, kuna fidia ya kisheria na ina vipengele vyake. Kampuni binafsi ikinunua shamba moja moja kutoka kwa wakulima, hayo ni mauziano. Utakacholipwa ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba basi. Miradi mingi ya nyumba pembezoni mwa Dar inaingia kwa njia hii ya pili, kimya kimya, shamba baada ya shamba, na siku mkutano mkuu unaitwa tayari nusu ya kitongoji imeshauzwa. Mauziano kwa mtu asiye mkazi wa kijiji yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Hapo ndipo mlango ulipo, na mara nyingi huwa wazi usiku na mchana.

Kwenye utwaaji, kanuni za fidia za 2001 zinataka haya:

Thamani ya soko ya ardhi, nyumba na mazao ya kudumu. Minazi, mikorosho na miembe huhesabiwa mti mmoja mmoja kwa umri na hali yake, kwa hiyo hakikisha mti mchanga haujaachwa na mti unaozaa haujaandikwa kuwa mzee.

Posho ya usumbufu: thamani hiyo mara wastani wa riba ya amana ya miezi 12 ya benki za biashara. Tuseme mali ina thamani ya shilingi milioni 20 na riba ni asilimia 8, posho ni milioni 1.6.

Posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama hiyo mara miezi 36. Kodi ya 50,000 inakupa 1,800,000.

Posho ya usafiri: gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kama bei ya usafirishaji ni shilingi 300 kwa tani kwa kilomita, ni 12 × 20 × 300, yaani 72,000. Watu hutarajia hela kubwa hapa, si kubwa.

Faida iliyopotea kwa mwenye biashara: faida halisi ya mwezi mara 36. Bila daftari la mauzo utapewa makadirio, na makadirio hayatakupendelea. Mama lishe mwenye daftari la kurasa ishirini yuko mbele ya mwenye duka asiye na hata risiti.

Makazi na usafiri havilipwi kwa shamba tupu lisilo na mkazi. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe; ikichelewa inadai riba. Na uthamini ulioidhinishwa na Mthamini Mkuu, kwa sheria ya uthamini ya 2016, uhai wake ni miaka miwili. Ikipita bila malipo unarudiwa.

Siku ya ukaguzi, usisaini fomu yenye nafasi tupu. Soma safu ya idadi ya miti, soma ukubwa wa shamba, soma jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha piga picha kila ukurasa. Herufi moja ya jina ikikosewa, benki inakataa na unaanza kuzunguka ofisi kwa ofisi.

---

Binti Kitongoji

Asanteni kaka zangu. Swali: fidia mliyoeleza ni ya mtu na shamba lake. Vipi lile pori la kijiji tunakookota kuni, tunakokata makuti na miti ya kujengea, na watu wanakopitisha mbuzi? Halina jina la mtu. Nani analipwa?

---

Bikoni ya Kona

Dada, umegusa penyewe. Kwenye uthamini wa kawaida halipwi mtu, kwa sababu mthamini anatembea na majina ya watu. Lakini sheria ya vijiji inasema ardhi isihamishwe mpaka kijiji kiwe kimekubaliana na Kamishna wa Ardhi juu ya aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia. Kijiji chenyewe ni mdai. Tatizo kijiji kinafika mezani bila ushahidi.

Ushahidi unajengwa hivi. Kwanza Cheti cha Ardhi ya Kijiji na ramani ya mipaka. Pili Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji, ule uliopitishwa na mkutano mkuu, unaoonyesha eneo la malisho, msitu, vyanzo vya maji, makaburi na akiba ya vizazi vijavyo. Bila mpango huo, pori linaandikwa "eneo halitumiki" kwenye ripoti ya mwekezaji. Tatu, hesabu ya matumizi: kaya ngapi zinachukua kuni humo, mizigo mingapi kwa wiki, bei ya mzigo sokoni. Kaya 200 × mizigo 2 × shilingi 3,000 ni milioni 1.2 kwa wiki, zaidi ya milioni 62 kwa mwaka. Weka bei halisi ya kwenu. Ukiipeleka namba hiyo mezani, neno "haitumiki" linakufa.

Hasara hii inawaangukia kina mama kuliko mtu mwingine yeyote. Shamba linauzwa, hela anapokea mume. Kuni zinapotea, anayetembea kilomita tatu zaidi ni mke. Wanawake wasipokuwa wengi kwenye mkutano huo, jambo hili halitasemwa.

Makaburi nayo yana sheria yake ya kuhamisha, ya 1969. Yaorodheshwe kwa ukoo, na gharama za kuhamisha na ibada ziandikwe.

---

Kisima na Pampu

Nichangie maji, maana hapa ndipo vijiji vingi vinaumizwa bila kujua kilichowapiga.

Maji ya vijijini kwetu hupangwa kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Kijiji cha watu 2,500 kinahitaji lita 62,500 kwa siku. Nyumba za kisasa zenye choo cha kuvuta, bafu na bustani hutumia kirahisi lita 120 kwa mtu. Nyumba 500 zenye watu watano watano ni lita 300,000 kwa siku. Mradi peke yake unakunywa karibu mara tano ya kijiji kizima.

Lita 300,000 kwa pampu inayofanya kazi saa 20 ni mita za ujazo 15 kwa saa. Visima vingi vya vijijini vinatoa chini ya nane. Kwa hiyo mwekezaji atachimba visima viwili au vitatu virefu, na maji ya kisima chenu cha mkono yatashuka chini ya mpira wa pampu. Pampu itakuwa nzima, fundi atabadilisha vali na washa, na maji hayatatoka.

Ukanda wa pwani kuna hatari ya ziada. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na kanuni ya wataalamu ni kwamba kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Mkivuta mpaka usawa ushuke nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Kisima kikishaingia chumvi, kukipumzisha mwezi mmoja hakukirudishi. Inachukua miaka ya mvua.

La kudai: jaribio la kupampu la saa zisizopungua 24, bora 72, wakati wa kiangazi, na visima vya kijiji vipimwe kwa kamba kabla, wakati na baada. Mtu wa kijiji ashike daftari. Andika kina cha maji kila saa na upime chumvi kwa kile kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa umeme. Kisima cha mradi kinahitaji kibali cha matumizi ya maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, na kwa vijiji vya Pwani mara nyingi ni Wami/Ruvu. Pingamizi lenye daftari hilo lina uzito kuliko barua kumi za malalamiko.

Kuhusu majitaka: asilimia 80 hivi ya maji yanayoingia nyumbani yanatoka kama majitaka, yaani lita 240,000 kwa siku kwa mfano wangu. Kwenye kiwanja cha mita za mraba 400 kila nyumba itakuwa na karo (tangi la majitaka) na shimo la kunyonya. Pima udongo kwanza: chimba shimo lenye kina kile kitakachokuwa cha shimo la kunyonya, lijaze maji lilale usiku mzima, kesho ongeza maji upime yanavyoshuka. Yakishuka chini ya sentimita mbili na nusu kwa saa, mashimo hayo yatafurika masika na uchafu utafuata mteremko. Tazameni kijiji kiko upande gani wa mteremko.

---

Kalavati

Mkuu Kisima kamaliza maji ya chini, mimi niseme ya juu.

Shamba la mihogo na minazi linamwaga kama asilimia 20 ya mvua kubwa, iliyobaki inazama. Likijaa mabati, sakafu na lami, linamwaga asilimia 60 au zaidi. Fomula ni rahisi: kiwango cha umwagaji × milimita za mvua kwa saa × hekta, gawa kwa 360. Hekta 40 na mvua ya milimita 60 kwa saa: kabla ya mradi 0.2 × 60 × 40 ÷ 360 ni mita za ujazo 1.3 kwa sekunde. Baada ya mradi ni 4.0.

Kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) la milimita 600 linapitisha kama nusu mita ya ujazo kwa sekunde. La 900 linapitisha kama 1.3. Yaani barabara ya kijiji iliyokuwa salama kwa kalavati moja la 900 sasa inahitaji matatu. Mwekezaji anajenga mifereji mizuri ndani ya ukuta wake, mifereji yote inakutana kwenye tundu moja la ukuta, na tundu hilo linatazama shamba la mtu. Masika ya kwanza linachimba korongo. Masika ya pili korongo limefika barabarani.

Dawa yake ni bwawa la kupunguza kasi ndani ya eneo la mradi. Tofauti ya 2.7 kwa sekunde kwa nusu saa ni takriban mita za ujazo 4,800, yaani bwawa la mita 60 kwa 40 lenye kina cha mita mbili. Hilo ni eneo la viwanja sita tu. Mwekezaji akisema hana nafasi, mwonyesheni hesabu hiyo.

Barabara ya vumbi nayo haikujengwa kwa malori ya kokoto. Makubaliano yataje njia ya malori, nani anaweka kifusi na kushindilia, na kila baada ya muda gani. Mashimo ya kuchimbia mchanga na kifusi yafukiwe kabla mkandarasi hajaondoa mitambo. Akishaondoa, hakuna wa kumrudisha.

---

Mkaazi wa Ruiru

Habari zenu wenzangu, niko upande wa Kenya. Huku sheria ni tofauti lakini shida zinafanana. Tatu City, mji mpya kule Kiambu, imekaa juu ya yaliyokuwa mashamba makubwa ya kahawa, kwa hivyo majirani walikuwa wafanyakazi wa mashamba na wenye vipande vidogo, si kijiji chenye ardhi ya pamoja. Konza, mji wa teknolojia, nayo ilitengewa ekari 5,000 na ukanda wa kilomita 10 kuizunguka ambako ujenzi uliwekewa vikwazo. Hilo la ukanda liangalieni sana: mtu hajachukuliwa shamba, hajalipwa chochote, lakini hawezi kugawa wala kujenga anavyotaka.

Kwa ardhi ya jamii, sheria yetu ya 2016 inataka thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa wakubali kabla ardhi haijatolewa. Jamii ambayo haijajisajili haina orodha ya kuhesabia hiyo thuluthi mbili. Usajili ndio kazi ya kwanza.

---

Bikoni ya Kona

Asante ndugu. Ukanda wa aina hiyo tumeuona Kigamboni. Mpango wa mji mpya ulitangazwa 2008, wananchi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka, na mpango wenyewe haukujengwa. Kabla ya hapo, Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipita Kibada, Tuangoma, Buyuni, Bunju na Gezaulole, ambacho kilikuwa kijiji cha ujamaa. Mashamba yaligeuka viwanja vizuri vilivyopimwa, jambo jema kwa mji. Ila mkulima aliyefidiwa minazi yake hakuweza kwa fedha hiyo kushika kiwanja cha maana palepale, akasogea mbele kwenye kijiji kingine, ambako mji unamfuata tena.

Na mradi wa nyumba wa Dege, hukohuko Kigamboni: nyumba zaidi ya 7,000 zilipangwa, majengo yakapanda, kazi ikasimama 2016. Kijiji kisipojiuliza "mradi huu ukisimama nusu tunabaki na nini?" kitabaki na maghorofa matupu na pori lisiloingilika.

---

Binti Kitongoji

Wapo wanaokuja na mpango wa kugawana: mkulima anatoa eka, kampuni inapima, viwanja vinagawanywa 60 kwa 40. Ni salama?

---

Mthamini wa Pwani

Dada, kwangu ni njia bora kuliko kuuza, kwa sharti la mkataba kuandikwa vizuri. Mkulima anabaki na viwanja vilivyopanda thamani. Yanapoharibika ni hapa.

Asilimia ya nini? Idadi ya viwanja au mita za mraba? Kampuni ikichukua asilimia 40 ya viwanja, vyote vya kona na vya mbele ya barabara, inaweza kuwa imechukua zaidi ya nusu ya thamani. Andikeni mita za mraba, na viwanja vichaguliwe kwa zamu, kimoja kimoja, mkulima akianza.

Asilimia ya lini? Barabara na maeneo ya wazi yatolewe kwanza kwenye jumla, ndipo mgawanyo uanze. Vinginevyo barabara yote inakatwa upande wa mkulima.

Kampuni ipewe viwanja vyake lini? Baada ya ramani ya upimaji kuidhinishwa, kamwe si baada ya kuweka bikoni (nguzo za mipaka). Bikoni za zege zinaweza kusimama shambani miaka mitano na hakuna kilichosajiliwa. Na kuwe na tarehe ya mwisho. Ikipita, mkataba unakufa na shamba linarudi lilivyo.

Mke au mume asaini. Hilo halina mjadala.

---

Kalavati

Nakumbusha njia za miguu. Kwenye ramani ya mwekezaji njia ya kwenda kisimani, shuleni na msikitini haipo, kwa sababu mchoraji alitumia picha ya juu na njia imefunikwa na mikorosho. Ukuta ukipanda, mtoto aliyekuwa anatembea mita 600 anazunguka kilomita mbili kando ya barabara ya malori. Kabla ramani haijapitishwa, watu wawili watembee kila njia wakiwa na simu inayorekodi njia waliyopita, wampe mpima, zichorwe kama njia ya umma yenye upana wa angalau mita tatu, na sita pale mifugo inapopita. Ikishakuwa kwenye ramani iliyoidhinishwa, kuifunga ni kuvunja sheria.

---

Kisima na Pampu

Na shule. Nyumba 500 zikileta mtoto mmoja tu wa msingi kila moja, kwa wanafunzi 45 darasani ni vyumba zaidi ya 11. Matundu ya vyoo, kwa kiwango cha wasichana 20 na wavulana 25 kwa tundu, ni 13 na 10, tukichukua nusu wasichana na nusu wavulana. Mwekezaji akiahidi "darasa moja na madawati", jibu lipo hapo.

---

Bikoni ya Kona

Nimalizie na karatasi, maana watu wameniuliza kwa ujumbe binafsi.

Miradi ya ukubwa huu inapita tathmini ya athari kwa mazingira chini ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), na kanuni zinataka muhtasari wa ripoti uwe kwa Kiswahili pia. Ombeni nakala kwa barua yenye mhuri wa kijiji, mpokeaji asaini kitabu cha barua. Yale yote ya kisima, bwawa na njia za miguu yaingizwe humo kama masharti, kwa sababu mpango wa usimamizi wa mazingira unakaguliwa baadaye, wakati ahadi ya mdomo ya zahanati haikaguliwi na mtu.

Muhtasari wa mkutano mkuu uwe na agenda iliyobandikwa kabla, orodha ya mahudhurio kwa kitongoji, ukubwa wa eneo kwa hekta na majira ya nukta (koordineti) za mipaka, kura za ndiyo na hapana kwa namba, na masharti yote ndani ya azimio lenyewe. Msikubali "mkutano umeridhia mradi, masharti yatajadiliwa baadaye". Mahudhurio yashonwe pamoja na muhtasari, kila ukurasa uwe na namba na saini za mwenyekiti na mtendaji, ili karatasi ya katikati isibadilishwe. Nakala moja ikae kwa mjumbe mwanamke aliyechaguliwa na mkutano, nje ya ofisi.

Mwenye rasimu ya azimio au mkataba anaruhusiwa kuiweka hapa, afute majina na namba za viwanja kwanza. Tutaipitia kifungu kwa kifungu.